Khabari ya Shehena Itangulie Shehena

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Huenda mtu akauliza: sisi watu wa Visiwani tuna shughuli gani na Sumbawanga, mji wa uwanda wa juu wa Ufipa, mbali na bahari? Jawabu ni kuwa forodha ya huko na ya bandari yetu ya Malindi zasimamiwa na mkono mmoja, Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1996. Linalomsibu mfanyabiashara wa huko, nasi latuhusu.

Ufipa ni nchi ya mahindi na maharage. Miongoni mwa milango yake ya nje ni kituo cha Kasesya, panapovukwa kwenda Mbala ya Zambia, na bandari ya Kasanga, Ziwa Tanganyika, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Kutoka Kasanga chombo chaweza kwenda Zambia, Kongo au Burundi.

Zamani mzigo ulitangulia, karatasi zikafuata. Lori lilisimama mpakani, ndipo maandishi yakaanza, na mahindi yakangoja. Mwaka 2014 Mamlaka ilianzisha mtambo wa kompyuta uitwao TANCIS, ili khabari ya shehena ifike kabla ya shehena, na afisa ajue mapema upi mzigo wa kukaguliwa na upi wa kuachiwa. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, nao wataka hivyo hivyo.

Jambo hili twaliunga mkono bila ya kinyongo. Kuwa wapinzani si kupinga kila kitu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani yahusu kuandikiana deni kwa uadilifu. Na wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari.

Lakini daftari lina masharti yake. Kwanza, liaminiwe. Zambia hutumia mtambo mwengine, ASYCUDA. Basi aliyekwisha kuandika upande wa Kasesya yampasa aandike tena ng'ambo. Tangu 2014 nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana mzigo uandikwe mara moja. Burundi imo katika Jumuiya tangu 2007, na Kongo tangu 2022. Zambia haimo. Jirani anayefikiwa kwa miguu ndiye aliye nje ya mlango!

Pili, daftari lisimsahau mdogo. Mama mwenye magunia matatu hana kompyuta wala fedha za kumlipa wakala wa forodha. Akiona njia ya halali ni ghali kuliko mzigo wenyewe, atashika njia ya panya. Hapo serikali hukosa ushuru, na khabari pia.

Tatu, waungwana, tutazame nyumbani. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wetu wamelia kuwa bidhaa iliyokwisha kutozwa ushuru Unguja huthaminiwa upya ikifika Dar es Salaam. Jee, ikiwa maandishi ya Malindi hayatoshi ndani ya nchi moja, kwa uso gani tutawaomba Wazambia wayaamini maandishi ya Kasesya?

Basi twadai mambo matatu: mzigo uandikwe mara moja na uaminiwe kote, mwenye magunia machache apewe fomu nyepesi, kwa Kiswahili, na mitambo ya majirani isomane. Kompyuta ni kalamu tu. Kinachotakiwa ni uaminifu wa mwenye kuishika.

Wabillahi tawfiq.