Maisha ya Spika za Nyumbani

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya chombo kile kile kiletacho sauti yetu masikioni mwenu, yaani kipaza sauti, ambacho wengi hukiita spika. Mara nyingi wanafunzi wetu na wazazi wao hutuuliza: Je, spika ya nyumbani hudumu miaka mingapi? Jibu letu ni hili: umri wa spika hauhesabiwi kwa miaka peke yake, bali kwa kitu iliyoundwa nacho, mahali iwekwapo, na mkono wa yule aitumiaye. Iko iliyoimba miaka 40 na ingali ikiimba, na iko iliyokufa kwa usiku mmoja.

Kwanza yafaa tuvijue viungo vyake. Nyuma yake mna sumaku nzito. Katika upenyo mwembamba wa sumaku hiyo imo koili, yaani uzi wa shaba uliozungushwa mara nyingi juu ya kijibomba chepesi. Koili imegandishwa kwa gundi penye karatasi ngumu yenye umbo mfano wa kawa. Na ukingoni mwa karatasi pana upindo laini, uishikao na kuiacha icheze mbele na nyuma. Umeme upitapo katika koili, sumaku huivuta na kuisukuma, karatasi huitikisa hewa, nasi twasikia sauti. Njia hii ilielezwa na wataalamu wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925, na hata leo spika nyingi zaifuata.

Basi, katika viungo hivi ni kipi kitanguliacho kuchakaa? Sumaku huweza kudumu kuliko mwenye nyumba. Karatasi nayo, ikikaa pakavu, huishi miaka mingi. Kichokacho upesi ni upindo. Upindo wa nguo au wa mpira mwema huweza kupita miaka 30. Walakini tangu miaka ya 1970 spika nyingi zimetiwa upindo wa sifongo, nao huliwa na unyevu wa hewa na mwanga wa jua, hata kama spika haipigwi kamwe. Baada ya miaka 10 hadi 20 hubomoka. Sisi tukaao karibu na bahari twaliona jambo hili mapema kuliko watu wa nchi kavu.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya reli, aliuza ng'ombe wawili akanunua spika mbili kubwa. Baada ya miaka 15 zikaanza kulia kama debe bovu. Mnunuzi wa vyuma chakavu akamwambia kwamba zimekufa, akataja bei yake ya vyuma. Mzee akatujia, akasema, "Walimu, nisaidieni shauri kabla sijaziuza." Tukaenda pamoja na wanafunzi wawili. Tulipoondoa kitambaa cha mbele na kuugusa upindo, ulimomonyoka vidoleni kama mkate mkavu. Kisha tukaisukuma karatasi polepole kwa vidole vya mikono miwili. Ikaingia na kutoka bila kukwaruza. Hiyo ni dalili kwamba koili haikuharibika. Tukaagiza pindo mpya na gundi, kwa bei ya kuku wachache, tukazibandika, tukaziacha zikauke usiku kucha. Kesho yake zikaimba kama siku ile zilipotoka dukani. Kilichoitwa kifo kilikuwa ufa tu.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka uliofuata mjukuu wa mzee alioa. Vijana wakazitoa spika uani, wakaziunga na mtambo mdogo wa kukuza sauti, wakaufungua hata mwisho. Sauti ikawa kali yenye kukwaruza, nao wakadhani hiyo ndiyo nguvu. Kabla ya usiku wa manane zile spika ndogo za juu, ziimbazo sauti nyembamba, zilikuwa zimenyamaza. Jambo ambalo miaka 15 haikuliweza, usiku mmoja uliliweza.

Wengi hudhani kwamba mtambo mdogo hauwezi kuidhuru spika kubwa. Sivyo. Mtambo ukilazimishwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi ya umeme, na mawimbi yaliyokatwa hivyo hupeleka nguvu nyingi katika spika ndogo isiyoundwa kuzibeba. Tena fahamuni kwamba katika kila sehemu 100 za umeme uingiao katika spika ya nyumbani, kwa kawaida kama sehemu 1 tu hugeuka sauti. Karibu zote zilizobaki hugeuka joto, na nyingi ya hizo hugeukia katika uzi ule mwembamba. Joto likizidi, gundi hulegea na uzi hukatika. Wazee walisema kweli: ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Kwa hiyo twawapa maonyo manne. Kwanza, sauti ianzapo kukwaruza, punguzeni mara moja. Mkwaruzo ni kilio cha chombo. Pili, msiiweke spika juani wala penye ukuta wenye unyevu, kwa maana jua huua upindo, na unyevu huvimbisha sanduku na kuleta kutu. Tatu, ifunikeni kitambaa chepesi isipotumika, vumbi lisiingie na watoto wasiibonyeze karatasi. Nne, ikinyamaza au ikilia vibaya, chunguzeni kwanza nyaya na upindo, ndipo mkate shauri la kuitupa. Katika spika iliyopita miaka 20 au 30, huenda ni kapasita tu iliyokauka, nayo fundi aweza kuibadili.

Ndugu zetu, kitu kilichonunuliwa kwa jasho kisihukumiwe kwa maneno ya mpita njia. Kifungueni, kitazameni, kisha amueni.