Kurudi na Kurudisha: Kitenzi Kimoja cha Jubilei

(Hotuba kwa walimu na waumini wa Segerea)



Nimeombwa niseme kidogo juu ya asili ya sikukuu yetu hii. Habari za baragumu mmekwisha kuzisikia, maana jina lenyewe jubilei limetoka katika neno la Kiebrania yovel, yaani pembe ya kondoo dume. Mimi nataka kusema habari za kitenzi kidogo kilichomo katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, mstari wa 10. Kitenzi hicho ni shuv, na maana yake ni kurudi. Katika mwaka wa 50 kila mtu alipaswa arudi katika shamba lake na kwa jamaa zake.

Neno hili limetumika zaidi ya mara 1,000 katika Agano la Kale, na mara nyingi ni neno la njiani tu, halina utakatifu wowote. Njiwa wa Nuhu alirudi safinani, ndiyo shuv. Isaka alivichimba tena visima vya baba yake. Ile «tena» ni shuv, kama sisi tunavyosema mtu amerudia kazi. Katika sura ya kwanza ya Ruthu limo mara 12, na ajabu ni kwamba mwishoni Ruthu Mmoabu naye anasemwa kuwa amerudi, hali hakupata kuukanyaga Bethlehemu hata siku moja.

Kisha manabii walilitwaa neno hili. Hosea na Yeremia wakimwita Israeli amwendee Mungu, humwambia: rudi. Basi, mbona sisi katika Injili twasoma «tubuni»? Msidhani ni neno geni. Tubu na toba tulivipata katika Kiarabu, na wenye elimu ya lugha husema kwamba Waarabu nao walilipokea neno hilo katika Kiaramu, lugha aliyoisema Bwana wetu. Mahali penye sh ya Kiebrania, Kiaramu huwa na t, na Kiarabu huwa na th. Tatu kwa Kiebrania ni shalosh, kwa Kiaramu telata, kwa Kiarabu thalatha, ndiyo tunayoisikia tunapohesabu thelathini. Vivyo hivyo shuv na tubu ni ndugu wa tumbo moja, na ndugu yao wa tatu ni thawabu, malipo yanayomrudia mtu. Katika Injili ya kale ya Kisiria iitwayo Peshitta, neno la Mathayo 4:17 limeandikwa kwa herufi ambazo Mswahili akisomewa atasikia tubu yake mwenyewe. (Lakini kumrudi mtoto, yaani kumwadhibu, ni jambo jingine, Waebrania wana kitenzi chake mbali. Walimu wasichanganye.)

Tumepata neno zuri, lakini tumepoteza kitu. Shuv ikigeuzwa kidogo huwa heshiv, kurudisha. Someni Ezekieli 33, mstari wa 14 na wa 15: mtu mwovu anarudi kutoka dhambini, na papo hapo anarudisha rehani aliyoizuia. Ni kitenzi kilekile mara mbili. Na katika Kutoka, sura ya 22, aliyetwaa rehani nguo ya maskini lazima airudishe kabla jua halijatua, maana mwenyewe hana kingine cha kujifunika. Kwa Kiswahili rudi huzaa rudisha, lakini tubu haizai hivyo. Niliwauliza watoto wa mafundisho, kutubu ni nini? Mmoja akajibu, ni kulia. Sikumlaumu, ndivyo tulivyomfundisha. Na watu wazima je? Mtu amelisogeza jiwe la mpaka wa kiwanja hatua mbili, akaenda kuungama kwa machozi, na jiwe liko palepale.

Tena hapa Segerea tuna nyumba mbili ambazo watu hukaa muda mrefu kisha hutoka: seminari kuu na gereza. Anayetoka seminarini akiwa padre tunampokea kwa vigelegele. Anayetoka gerezani, hata aliyeonekana hana hatia, mara nyingi hukuta chumba chake kimepangishwa, cherehani yake imeuzwa, na jamaa wamezoea kutokuwapo kwake. Yeye amerudi, lakini hakuna aliyemrudishia kitu. Katika Walawi 25 kurudi kwa mtu mmoja kulimlazimu mwingine auachie mkono, maana shamba lile lilikuwa na mtu ndani yake, amelima, amepanda, labda amelipenda.

Walimu, Kwaresima ijayo andikeni ubaoni shuv, tubu, rudi, rudisha, mstari mmoja. Watoto wataanza kuuliza nani ana jembe la nani.