Moyo wa Mtoto Hausubiri Siku ya Kliniki

Maelezo yaliyotolewa kwa wananchi na muuguzi wa afya ya mama na mtoto katika baraza la wadi



Leo tuzungumze juu ya moyo na jinsi unavyoumbika tumboni. Wengi wetu huja kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Kufikia hapo, moyo wa mtoto umekwisha kuumbika.

Tuhesabu pamoja tangu siku mimba ilipotungwa. Katika wiki ya tatu mtoto ni mdogo kama punje ya simsim. Mirija miwili myembamba huungana kuwa mrija mmoja, na takriban siku ya 22 mrija huo huanza kupiga. Mama amechelewa kuona siku zake kwa wiki moja hivi. Pengine anadhani ni uchovu wa shamba, au malaria.

Mrija huo hurefuka na kujipinda. Kujipinda huko ndiko kunakoweka vyumba vya kupokea damu juu na vya kuisukuma chini. Kisha kuta huota ndani yake, pamoja na vali, ambazo ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni nao hugawanyika: mmoja huenda mapafuni, mwingine mwilini. Mwisho wa wiki ya nane moyo una vyumba vinne, na mtoto ana urefu wa sentimita 3 hivi.

Kati ya vyumba vya juu hubaki upenyo, kwa sababu mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu. Oksijeni huipata kupitia kondo la nyuma. Akizaliwa na kuanza kupumua, upenyo huo kwa kawaida hujifunga.

Lakini kuta zisipokamilika, mtoto huzaliwa na tundu lisilotakiwa. Karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro fulani ya moyo. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Kwa hivyo tusimlaumu mama, wala tusiseme amerogwa.

Hata hivyo, yapo tunayoweza kufanya mapema:

Kwanza, mwenye kisukari aidhibiti sukari kabla ya kushika mimba.

Pili, mwenye kutumia dawa za kifafa au za presha amwone daktari akiwa bado anapanga kupata mtoto. Asiziache mwenyewe, kwani hilo pia ni hatari.

Tatu, chanjo. Rubella ikimpata mama mwanzoni mwa mimba inaweza kuharibu moyo, macho na masikio ya mtoto. Chanjo ya surua na rubella hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Haitolewi kwa mjamzito. Msichana tunayemchanja leo ndiye mama wa kesho.

Nne, pombe na sigara viachwe tangu mnapoanza kupanga. Akina baba, moshi wenu humfikia mama pia.

Tano, siku zikichelewa, usingoje tumbo lionekane. Pima, kisha njoo kliniki.

Baada ya kujifungua, mwangalie mtoto. Ulimi au midomo ikigeuka rangi ya samawati, au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali mara moja. Akitokwa jasho na kuchoka kila anaponyonya, au asipoongeza uzito, mlete kituo cha afya bila kukawia. Kasoro nyingi hutibika zikigunduliwa mapema, na nyingine hujifunga zenyewe huku daktari akifuatilia.

Mhudumu wa afya ya jamii akibisha hodi kwako, mweleze wazi kama unapanga mtoto. Swali hilo si la aibu.

Sasa tuulizane maswali.