KUVUA NA KUPIGA KAMBI KATIKA BWAWA LA MTERA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama)



Katibu ameniomba niwaeleze habari za safari ambayo wengi wenu mmekuwa mkiiulizia, yaani kwenda Mtera kuvua samaki kwa ndoana na kulala hemani siku mbili tatu. Nimekubali kwa furaha, maana naona ya kuwa sisi watu wa kalamu twajua sana kuomba livu, lakini kuitumia hatujui. Wengi wetu huimaliza barabarani, tukizunguka kwa jamaa kutoa salamu na fedha, kisha tukarudi kazini tumechoka kuliko tulivyoondoka. Simlaumu mtu kwa kuzuru jamaa zake. Nasema tu kwamba kukaa kimya kando ya maji na mshipi mkononi si uvivu, wala si anasa ya wageni peke yao, kama walivyodhani wazee wetu.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi mwaka 2016, makarani wengi wamekuja kukaa hapa wakiamini kwamba nchi hii ni mavumbi matupu. Basi na washike barabara ya Iringa. Watapita katika mibuyu na vichaka vya miiba, na karibu na nusu ya njia wataona maji yametanda mbele yao hata mtu asiyepajua ataajabie. Hapo ndipo Mto Ruaha Mkuu ulipozuiwa kwa ukuta, nao Mto Kisigo huingia bwawani humo humo. Bwawa likijaa, upana wake ni kiasi cha kilometa za mraba 600. Miti iliyozama imekufa ikiwa imesimama, nayo imekuwa makao ya minandi na korongo. Asubuhi, kabla ya upepo kuamka, maji hutulia kabisa, na sauti ya furukombe husikika toka mbali.

Lakini mjue tangu mwanzo ya kuwa bwawa hili halikufanywa kwa ajili ya matembezi. Lilikamilika kiasi cha mwaka 1980 ili liwe ghala la maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu, iliyo chini yake katika mto ule ule. Mitambo ya Mtera yenyewe, yenye nguvu ya megawati 80, ilianza kazi mwaka 1988. Ghala hujazwa na hutolewa. Kipimo cha juu cha maji ni meta 698.5 juu ya usawa wa bahari, na cha chini ni meta 690. Tofauti ya meta nane u nusu yaweza kuonekana ndogo kwa mtu aketiye ofisini, lakini nchi ile ni tambarare, na maji yakishuka kidogo, ukingo huenda mbali sana. Kwa hiyo mtu asimwambie mwenzake, “Nenda ukapige hema pale tulipolala mwaka jana.” Huenda akakuta majani makavu na ng'ombe wakilisha. Miezi iliyo mizuri ni Juni na Julai, mvua zikiwa zimekwisha na maji yangali mengi. Ila usiku kuna baridi na upepo, na blanketi moja halitoshi.

Sasa nije kwenye samaki wenyewe. Walio wengi ni perege na kambale. Kambale hutafuta chakula chake usiku penye matope, hupenda chambo chenye harufu, naye huweza kuvuta pumzi ya hewa, hata ukimtoa majini hafi upesi. Perege ni mwenye haya zaidi. Yataka ndoana ndogo, mshipi mwembamba, na mtu asiyepiga kelele. Tena perege ana tabia ya ajabu: jike huyachukua mayai yake mdomoni, na watoto wakitoka huwalinda humo humo hata wapate nguvu. Ukimkamata jike mwenye mayai mdomoni, umekamata ukoo mzima. Mrudishe majini mara moja.

Hapa nina neno ambalo pengine halitawapendeza wote. Twapenda kuwalaumu wavuvi kwamba wanatumia makokoro na nyavu za macho madogo, mambo yaliyokatazwa, nao hubeba samaki ambao hawajazaa hata mara moja. Ni kweli. Lakini samaki wale wadogo hununuliwa na nani? Magari yanayosimama kando ya barabara pale Mtera si ya wavuvi. Ni yetu sisi, tena twasimama tukivuta bei ishuke, na tukiona fungu la samaki wadogo wengi kwa fedha kidogo twajiona werevu. Mvuvi afanya kazi usiku kucha katika mtumbwi, naye huvua kile anachojua kitanunuliwa. Wale tuwaitao wavunja sheria wana watoto shuleni kama sisi, ila hawana mshahara mwisho wa mwezi, na siku bwawa litakapokwisha samaki, wao ndio watakaolala njaa. Sisi tutakula nyama. Basi mwanachama akienda, anunue samaki mkubwa kwa bei yake, au aache. Naye mwenyewe, kabla ya kutupa ndoana, aulize habari za leseni kwa Afisa wa Uvuvi wa wilaya. Itakuwa aibu karani wa Serikali kushikwa kwa kutojua Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Juu ya usalama nitasema machache. Mamba wamo, na viboko wamo. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, naye hufuata njia yake ile ile. Hema likiwa njiani mwake, hatazunguka. Pigeni kambi mbali na ukingo, mahali watakapowaonyesha wenyeji. Mtu asioge bwawani wala kuteka maji akiwa ameinama ukingoni, na kila mmoja awe na chandarua.

Jioni mkikaa motoni, huenda mkazungumza habari za maji yenyewe. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kila kiangazi katika Hifadhi ya Ruaha, huko juu ya bwawa. Wengine huwalaumu wakulima wa mpunga wa Usangu, wengine wafugaji, na wengine husema maji yalifunguliwa bwawani pasipo kipimo. Mwaka 2006 maji ya Mtera yalikuwa yamefikia kipimo cha chini, na nchi ikagawiwa umeme kwa zamu. Wale waliokuwa kazini wakati huo watakumbuka ofisi zenye giza, na mafaili yaliyosubiri. Msikilizeni mvuvi akieleza mwaka huo ulivyokuwa upande wake.

Wanaotaka kwenda na wampe Katibu majina yao kabla ya mwisho wa mwezi, wakitaja kama wana hema au hawana. Kila mtu achukue chakula cha siku ya kwanza, maana haifai kutegemea samaki ambaye bado yumo majini.