Udongo Uwahi Ungali Maji: Istilahi za Kuimarisha Ardhi Chepechepe katika Kiswahili

1.0 Utangulizi



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kutoa mhadhara huu hapa Iyunga. Mada yangu ina haki ya kuzungumzwa mahali hapa. Jirani yetu ni stesheni ya reli ya TAZARA. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860; ujenzi wake ulianza mwaka 1970, na ilikabidhiwa mwaka 1976. Kabla ya kupanda hadi nyanda hizi, hupita katika bonde la Kilombero, ambalo ni ardhi oevu. Jirani yetu mwingine ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kinachofunza wahandisi. Mhandisi wetu husoma kwa Kiingereza, kisha siku ya kwanza ya kazi husimama mbele ya mafundi wanaozungumza Kiswahili. Swali la mhadhara huu ni moja: anapowaeleza habari za udongo uliojaa maji, je, maneno anayoyatumia hubeba maana aliyofunzwa?

2.0 Kisa cha Ufa

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mdogo wangu alinunua kiwanja bondeni. Mhandisi aliyekipima aliandika ushauri wake kwa Kiingereza, nami nikaombwa kuutafsiri kwa ajili ya fundi. Ushauri ule ulitaja vitendo viwili kwa maneno mawili tofauti. Mimi, kwa kuamini kwamba ni visawe, nilitumia neno moja kwa vyote viwili: kushindilia.

Fundi alifanya kama alivyosoma. Alimwaga kifusi, akakishindilia kwa siku mbili, akaanza msingi. Baada ya misimu miwili ya mvua, upande mmoja wa nyumba ulikuwa umedidimia, na ufa ulikuwa umepanda kutoka kwenye msingi hadi juu ya dirisha. Fundi aliniuliza kwa unyenyekevu, "Mzee, mbona nilishindilia?" Sikuwa na la kumjibu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa ule haukuzibika kwa lipu, kwa sababu ulianzia katika tafsiri yangu.

3.0 Tofauti ya Vitendo Viwili

Baadaye nilimwendea mhandisi ili anifundishe. Udongo, alinieleza, ni chembe na nafasi zilizo kati ya chembe. Nafasi hizo zikiwa na hewa, mtu akiupiga udongo kwa uzito, hewa hutoka mara moja na chembe hukaribiana. Hicho ni kitendo cha kwanza, nacho huchukua muda mfupi.

Lakini udongo wa mfinyanzi uliolowa kabisa hauna hewa ya kutoa. Nafasi zake zimejaa maji, na maji hayapungui ujazo kwa kupigwa. Ukiupiga, hukimbia pembeni na kuvimba. Maji yake hupita katika vinjia vyembamba mno, hivyo hayatoki ila polepole, chini ya uzito uliokaa juu yake kwa miezi, pengine miaka. Hicho ni kitendo cha pili. Kanuni yake ya kihisabati iliwekwa na Karl Terzaghi, ambaye kitabu chake cha msingi kuhusu elimu hii kilichapishwa Vienna mwaka 1925. Ndiyo sababu wajenzi wa barabara hurundika tuta la udongo juu ya kinamasi na kuliacha likae, au huchimba mashimo ya wima na kuyajaza mchanga ili maji yapate njia fupi ya kutokea.

Mhandisi wetu alikuwa ameagiza hayo: udongo urundikwe, uachwe msimu mzima, ndipo nyumba ijengwe. Neno langu lilifuta muda wa kungoja.

4.0 Hazina Tuliyo Nayo

Je, Kiswahili kilikosa neno? La. Tazameni vitenzi vyetu. Kitu laini huBONYEA kinapokandamizwa. Mguu huTOPEA, kitenzi kilichozaliwa na nomino tope. Ardhi huTITIA inapomeza kilicho juu yake. Jengo huDIDIMIA, yaani hushuka kidogo kidogo. Maji huTUAMA yasipopata njia. Kwenye pwani yetu, sakafu za chokaa za nyumba za mawe ziliPIGILIWA kwa vipande vya mti na watu wengi kwa pamoja, siku kadhaa mfululizo. Hakuna hata kimoja kati ya vitenzi hivi kinachoweza kuchukua nafasi ya kingine bila kupotosha maana.

Wala si kwamba sayansi ya udongo haikuwahi kutusikiliza. Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara katika miaka ya 1930, alipoeleza jinsi udongo unavyobadilika kutoka kilimani hadi bondeni, alilitumia neno mbuga kwa udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni. Neno hilo likaingia katika maandishi ya wataalamu wa udongo wa Afrika Mashariki. Wao walikopa kwetu. Sisi tumesahau kwamba tuna cha kukopesha.

5.0 Pendekezo

Napendekeza KUSHINDILIA kubaki na kitendo cha kwanza, na kitendo cha pili kiitwe KUKAMUA UDONGO. Sababu yangu ni ya kisemantiki. Tunashindilia gunia, na zamani tulishindilia bunduki: mkazo uko kwenye kinachoingia. Tunakamua chungwa, tunakamua nguo iliyofuliwa: lazima kimiminika kitoke. Fundi akisoma "udongo ukamuliwe", atauliza maji yataelekea wapi, na yatachukua muda gani. Hayo ndiyo maswali ambayo fundi wetu hakuwa na sababu ya kuyauliza. KUIMARISHA nako kubaki kuwa neno jumuishi la njia zote, pamoja na kuchanganya udongo na chokaa. Mkataba unaosema tu "udongo uimarishwe" haujamwagiza fundi chochote.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Shauri la nyumba iliyopasuka linapofika mbele ya hakimu, neno moja la mkataba linaweza kuamua nani alipe.

Kwenu wanafunzi, naacha kazi. Nendeni kwa mafundi wa Iyunga, nendeni kwa wazee wasemao Kisafwa na Kinyakyusa, mkusanye majina ya udongo na ya tabia zake, kisha myapeleke BAKITA yajadiliwe. Msianzie mezani, kama nilivyoanzia mimi.

6.0 Hitimisho

Methali niliyoichukua kuwa kichwa cha mhadhara huu ni ya mfinyanzi: yeye huuwahi udongo ungali maji. Mjenzi wa bondeni hana budi kufanya kinyume, angoje maji yatoke. Udongo ni mmoja, kazi ni mbili, na lugha iliyo hai huwa na neno kwa kila kazi. Nyumba ya mdogo wangu imejengwa upya, kwa uzito uliokaa msimu mzima. Agizo la safari hii niliandika mimi, na kabla ya kulitia saini nilimsomea fundi kwa sauti, nikamwuliza ameelewa nini.