Majina Mawili Katika Daftari Moja

Hotuba iliyosomwa Njoro, Moshi, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Nimepewa heshima ya kusema habari za asili ya wakulima wetu wa kwanza; yaani wale wazee, mume na mke, waliooana wangali vijana, wakapanda mibuni pamoja, na wakazeeka pamoja kihambani. Labda mtu atauliza: habari za ukoo zina kazi gani katika mkutano wa ushirika? Zina kazi kubwa, nami nitajaribu kuionyesha kwa kifupi.

Sisi tuliokutana hapa Njoro, wengi wetu tuna kwetu kwingine huko juu mlimani. Ukituuliza, mmoja atajibu Kibosho, mwingine Machame, mwingine Marangu au Rombo. Lakini ukituuliza ni nani aliyepanda mbuni wa kwanza katika kihamba cha kwetu, na mwaka gani, wengi tutanyamaza.

Historia ya jumla tunayo. Mapadre wa Roho Mtakatifu wa Kilema walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda kahawa katika mlima huu, mwishoni mwa karne ya 19. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Mwaka 1925 wakulima Wachaga walianzisha chama chao cha kwanza, na Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1933 kikafuata Chama Kikuu cha KNCU. Hayo yamo vitabuni. Yasiyomo vitabuni ni habari za nyumba moja moja, nazo ndizo zilizobeba magunia mpaka kwenye mizani.

Nitatoa mfano wa nyumba ya babu yangu na bibi yangu. Waliishi pamoja zaidi ya miaka 50. Nilipotaka kuandika habari zao, nilianza na karatasi. Nilikuta stakabadhi za kahawa zenye jina la babu, nambari yake ya uanachama, na uzito wa kila mzigo. Jina la bibi halikuwamo hata mara moja. Mtu asiyetujua angesema kwamba mzee huyu aliishi peke yake. Lakini ni nani aliyechuma buni zile, akazikoboa, akaziosha, akazianika na kuzilinda zisinyeshewe mvua? Ni nani aliyeshuka mpaka tambarare kutafuta majani ya ng'ombe, ambao samadi yao ndiyo iliyolisha migomba na mibuni?

Basi, baba mzee alipofariki, ulizuka ugomvi. Jamaa mmoja wa ukoo alidai kwamba kipande cha chini cha kihamba kiliazimwa tu, na kwamba mibuni yake ilipandwa na baba yake yeye. Stakabadhi hazikutusaidia, kwa kuwa zilitaja uzito wa kahawa, wala hazikutaja kipande cha ardhi. Wazee wa ukoo walikaa chini ya migomba siku mbili bila kupata njia.

Siku ya tatu bibi aliomba ruhusa ya kusema. Alisema, "Wazee wangu, nililetwa katika nyumba hii wakati wa nzige. Mvua iliyofuata, baba mkwe alitupa kipande hiki, na masale yale tuliyapanda mbele ya watu wawili." Akawataja kwa majina. Mmoja alikuwa amekwisha kufa. Wa pili alikuwa hai, naye ni bibi mkongwe wa jirani. Akaitwa, akasimulia mambo yale yale bila kuambiwa aliyoyasema mwenzake. Kitabu cha ndoa cha kanisa nacho kilionyesha kwamba walioana mwaka 1931, na miaka hiyo nzige walikuwa wengi nchini. Ugomvi ukaisha. Kihamba kiliokolewa na mtu asiyekuwamo katika kitabu cho chote cha chama.

Ndugu wanachama, tangu siku ile nimejifunza njia ya kutafuta habari za wazee, nami nawapeni.

Kwanza, anza na walio hai, nawe umsikilize mama peke yake na baba peke yake. Wakiwa pamoja, kwa adabu mmoja humwachia mwenzake kusema. Wakihitilafiana, andika maneno ya wote wawili.

Pili, usimwulize mzee tarehe, bali mwulize mambo. Je, alizaliwa kabla ya kunyongwa kwa Mangi Meli mwaka 1900, au baadaye? Alikuwa na umri gani Waingereza walipoingia Moshi mwaka 1916? Alioa kabla ya uhuru wa mwaka 1961? Kwa njia hii miaka hujipanga yenyewe.

Tatu, tembea naye kihambani. Mzee aliyesahau jina la karani hatasahau mfereji ulipopita, wala sale lilipopandwa, wala mtoto yupi alijengewa wapi. Kwa desturi yetu kijana mkubwa hupewa mahali pake mapema, na mdogo hubaki katika nyumba ya baba. Kwa hiyo mpangilio wa nyumba nao ni kitabu cha ukoo.

Nne, ndipo utafute karatasi: vitabu vya ubatizo na ndoa, stakabadhi, kadi za uanachama. Kumbukeni kwamba mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya kuvirudisha ilipitishwa mwaka 1982. Usishangae ukikuta pengo katika karatasi za miaka hiyo.

Sasa naliweka ombi langu mbele ya mkutano. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Sheria imekwisha kusema. Daftari zetu zinakawia. Kila chama cha msingi na kifungue daftari moja la wakulima wa kwanza, na katika kila ukurasa yaandikwe majina mawili, la mume na la mke, pamoja na jina la baba na la mama wa kila mmoja, mahali walipotoka, na mwaka walipopanda. Wajumbe wataona kwamba gharama yake ni daftari na kalamu tu.

Mwezi wa Desemba watoto wetu watapanda mlima kuja nyumbani, kama ilivyo desturi. Kabla ya kuchinja mbuzi, mwagizeni mmoja wao akae karibu na bibi yake na aandike. Tukingoja sherehe ya miaka ishirini, wengi wa wale tunaotaka kuwauliza hatutawakuta.

Bwana Mwenyekiti, bibi yangu alifariki na jina lake halijaandikwa. Naomba awe wa mwisho.