MSIMAMIZI MKALI NA GURUDUMU LENYE UFA

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama, mfanyakazi wa reli, katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme kidogo juu ya kufanya kazi chini ya mkubwa asiyejua kuongoza. Mimi si msomi, niliishia shule ya msingi ya misheni, lakini jambo hili nalijua kwa kuwa limenipata.

Kazi yangu ya kwanza katika reli ilikuwa kugonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Ukisikia hivyo unatia alama kwa chaki, na behewa hilo linatolewa katika treni.

Sasa, msimamizi wetu alichukia kabisa habari za ubovu, maana treni ikichelewa yeye huulizwa na walio juu yake. Mwenzetu mmoja alitoa habari ya springi iliyovunjika. Alitukanwa mbele ya vijana wadogo, akaitwa mvivu, kisha akatiwa zamu ya usiku mwezi mzima. Tangu siku hiyo kila mtu akafunga mdomo. Wengine wakageuka wachongezi, wakimpelekea mkubwa maneno ya wenzao ili wapate kupendwa.

Usiku mmoja niligonga gurudumu, likajibu vibaya. Nikakumbuka yaliyompata mwenzetu. Ndugu zangu, nasema kwa aibu: nilitia chaki mfukoni nikaenda behewa la pili. Kwa bahati njema, fundi wa kituo cha mbele aliuona ufa ule, akalitoa behewa. Hakuna aliyeumia. Lakini mimi sikupata usingizi.

Ndipo nikafahamu ya kuwa mkubwa wa matusi haharakishi kazi. Anafanya ubovu ufichwe tu. Mfalme Rehoboamu alikataa shauri la wazee akachagua ukali, akapoteza makabila 10.

Tulifanya nini? Hatukumtukana wala kumpiga. Tulipatana watu watatu kwamba kila ubovu utaandikwa katika daftari, pamoja na tarehe, saa na namba ya behewa, nasi sote tutie sahihi. Matusi nayo tuliyaandika vile vile, pamoja na waliosikia. Kisha tukampa mjumbe wa chama, naye akalipeleka daftari kwa mkubwa wa juu. Mtu mmoja akilalamika huitwa mkorofi. Daftari lenye sahihi tatu halifukuziki upesi. Msimamizi hakugeuka malaika, lakini matusi yalipungua, na chaki ikarudi kazini.

Tena jueni haki yenu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yasema kabla ya kufukuzwa kwa kosa au kwa kazi mbovu, lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoifahamu, na una haki ya kumchagua mfanyakazi mwenzako au mjumbe wa chama awepo akisikia. Kifungu cha 46 chasema kumlalamikia mwajiri si sababu ya haki ya kukufukuza, ila kama malalamiko hayana msingi. Ndiyo maana daftari lina kazi.

Basi, usiende ofisini peke yako. Usimchongee mwenzako. Na gurudumu likilia vibaya, sema, hata kama mkubwa atanuna.